Jina Linalowaka Ukutani

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo skrini imetundikwa. Naandika huku bado nacheka peke yangu, kwa sababu wodi ya wanaume waliitaka, watu wa upasuaji waliitaka, na imekuja kwetu wodi ya wazazi. Mimi ndiye niliyemfuata Sista Bonifasia, metroni wetu, ofisini kwake hadi akawa anajificha akisikia viatu vyangu. Anayesema hospitali yetu ya Murugina ni ya porini, kati ya Keza na Nyakisasa, basi aje auone ukuta wangu.

Fundi aliyeileta anaitwa Luhende, Msukuma wa Biharamulo, mtu mzima mwenye mvi kidogo na maneno machache. Ametueleza polepole. Kila kitanda kina mstari wake. Ukimpima mama presha unaingiza majibu kwenye kishikwambi, na mstari wa kitanda hicho ukutani unabadilika rangi. Kijani ni salama, njano mwangalie, nyekundu kimbia. Itakuwa ya majaribio msimu wote wa vuli. Kabla ya Krismasi watu wa mradi wa skrini hizi watakuja kutoka Mwanza kuamua. Ikifaa, inabaki kwetu na nyingine zinapelekwa hospitali nyingine. Isipofaa, inashushwa.

Haitashushwa. Nimekwisha sema, na wanaonifahamu wananifahamu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeifuta skrini vumbi mara kadhaa. Haikuwa na vumbi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Esperansia haipendi. Huyu ni mkunga mwenzangu, tulisoma pamoja chuo cha uuguzi, na tangu wakati huo hakuna jambo jipya nililoleta akalikubali siku ile ile. Leo alisimama kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia, akakunja uso.

"Kitanda cha nne kimeandikwa nini pale? Mimi naona sisimizi wanatembea."

Nikamwambia akapime macho. Baadaye, alipoondoka, nilikwenda kusimama pale pale aliposimama, na kusema kweli hata mimi niliwaona sisimizi. Nikampigia Luhende simu. Hakubisha hata kidogo. Huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mkiitazama mnasimama wapi?"

"Hatusimami, Luhende. Tunapita tunakimbia."

Akasema atakuza herufi na kupunguza maneno. Jioni zilikuwa zimekua, na yeye yuko huko huko Biharamulo. Nilimwonyesha Esperansia. Akasema sasa anaona sisimizi wakubwa.

Ndugu wa wagonjwa nao wanaikodolea macho kutoka kwenye benchi. Bibi mmoja wa Nyakisasa aliniuliza taarifa ya habari inaanza saa ngapi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Watu walikuwa bado njiani kutoka misani.

Paa la wodi yetu linavuja mahali pale pale kila mwaka, na kila mwaka tunaahidiwa mabati. Akina mama hawatusubiri sisi. Matone yakianza wanainuka, wanasukuma vitanda, wanatega ndoo. Na aliyetoka kujifungua anapewa pakavu. Hakuna nesi anayetoa amri. Mjamzito anakusanya khanga zake, anamwachia mwenzake kitanda na kwenda kujibanza kwingine, halafu maisha yanaendelea. Ndivyo watu wa huku walivyolelewa. Nimewatazama leo nikafurahi kuwa wa huku.

Ijumaa, 25 Oktoba

Zamani tulipokezana zamu kwa kutembea kitanda kwa kitanda, tukimshika kila mama mkono na kumwuliza jina lake. Sasa tunasimama mbele ya skrini, tunasoma, tumemaliza. Nimeamua hivyo mimi, kama kiongozi wa wodi. Esperansia bado anatembea. Leo nimemwambia mbele ya wenzetu kwamba anapoteza muda kwa salamu.

"Deodata," akasema, "mimi nasalimia watu. Wewe salimia ukuta."

Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, ila nilikasirika. Mchana Sista Bonifasia alileta wageni kutoka Rulenge kuiona skrini. Nilieleza mwenyewe, kwa sauti ya kutosha, na Esperansia alikuwa karibu.

Jumamosi, 2 Novemba

Maharage yangu yametoa maua. Mvua kila alasiri. Wodi imejaa.

Jumanne, 5 Novemba

Nimenawa, nimekaa, naweza kuandika.

Mchana nilipokea zamu kwa kusoma ukutani. Kitanda cha tano kilikuwa chekundu. Recho, wa Keza, mimba ya kwanza, presha ya juu, amepewa dawa, apimwe tena. Vingine vyote vilikuwa vya kijani. Nikajisemea kwamba zamu hii ni nyepesi. Recho mwenyewe sikuwa nimemwona, kwa kuwa alilazwa asubuhi kabla sijafika.

Mvua ikaanza. Ilikuwa ile yenye radi, wodi ikaingia giza mchana kweupe, na mabati yakapiga kelele hata aliye kando yako humsikii. Mimi nilikuwa chumba cha kujifungulia nikimhudumia mama mwingine. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kitanda cha tano. Mwanamke alikuwa amejifunika khanga hadi kichwani. Nikautoa mkono wake, nikapima. Presha nzuri kabisa. Nikafurahi kwamba dawa imefanya kazi, nikaingiza majibu, na ukutani kitanda cha tano kikageuka kijani. Wodi nzima ilikuwa ya kijani. Nilikaa mezani nikaitazama kwa fahari. Lazima niandike hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Basi yule mwanamke wa kitanda cha tano akashuka, akaja taratibu huku ameshika tumbo, akaniinamia sikioni.

"Shikamoo, nesi. Yule aliyenipa kitanda namwita, haitikii."

"Aliyekupa kitanda? Kwani wewe si Recho?"

"Mimi Adelfina. Nimejifungua leo, mtoto wamempeleka chumba cha joto. Recho yuko kule nyuma."

Kule nyuma ni pembeni, ukutani, nyuma ya vitanda vilivyosukumwa kukimbia matone. Recho alikuwa chini, juu ya mkeka, na alikuwa ameanza kushikwa na degedege. Kifafa cha mimba. Skrini yangu ilikuwa juu ya kichwa chake, ya kijani kama shamba.

Nililiita jina la Esperansia kwa nguvu zote. Zamu yake ilikuwa imekwisha, alikuwa barazani akisubiri mvua ikatike. Alikuja mbio na hakuniuliza kitu. Tulimlaza Recho ubavu, tukamlinda ulimi na pumzi, tukampa sindano ya magnesiamu ya kutuliza degedege. Adelfina, na mshono wake mbichi, alitushikia tochi hadi nilipomfukuza akalale. Daktari Anatory alivuka uwanja bila mwavuli, akaingia anachuruzika maji, akatazama mara moja na kusema twende upasuaji. Tulisukuma machela wenyewe kwenye tope.

Mtoto ni wa kike. Alichelewa kulia, kisha akalia hadi daktari akatabasamu. Jioni Recho alifumbua macho na kuomba maji.

Tulipokuwa tunanawa, Esperansia aliuliza, "Ulimshika mkono?"

"Nilishika wa mwingine."

Akanitazama, akafunga bomba, akaenda zake. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Jumatano, 6 Novemba

Nilikaa na Recho. Anaongea polepole, uso bado umevimba. Nilimwuliza kwa nini alitoa kitanda na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa.

"Alikuwa anatetemeka, nesi. Katoka kujifungua. Ningelalaje pakavu, yeye analowa?"

Nimerudisha utaratibu wa kupokezana zamu kwa kutembea. Esperansia alitangulia, mimi nikafuata.

Alhamisi, 7 Novemba

Luhende amefika na pikipiki, tope hadi kiunoni. Nilimpokea kwa makelele ambayo nadhani yalisikika Burundi. Nilimwambia chombo chake kinajua vitanda, hakijui watu, na kwamba kilinionyesha kijani wakati mama anakufa. Aliniacha hadi nikaishiwa maneno.

"Mayu, tulidhani kitanda kinakaa na mwenyewe," akasema. "Mjini tulikoijaribu hakuna aliyehama."

"Huku wanahama."

"Basi naomba kiti. Nikae humu mvua ikinyesha, nione."

Alikaa alasiri nzima. Mvua ilinyesha, vitanda vikasukumwa, na mama mmoja alimpa ndoo ashike, akaishika. Jioni alisema mfumo uwafuate akina mama popote waendapo. Kila mama atavaa utepe wenye namba yake mkononi, na kishikwambi hakitapokea kipimo mpaka kisome utepe ule. Hapo ukishika mkono wa mama mwingine, kitakuambia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi Krismasi, na sasa imebidi nimwandalie chakula.

Jumatano, 13 Novemba

Tepe zimekuja. Akina mama wanazipenda, wanazitazama kama bangili.

Lakini mimi sijaridhika, na leo nimemwambia Luhende. Rangi ya kijani inadai mgonjwa ni mzima. Imejuaje? Kitu pekee ambacho skrini inakijua ni kwamba nesi fulani alimshika mama fulani wakati fulani. Basi iseme hicho. Iandike namba ya mama, na mbele yake jina la nesi mwenye zamu anayemtunza. Muda wa kumwona ukipita hajaonwa, jina la nesi liwake jekundu, kubwa, hata mtu wa benchi alione.

Luhende alikuna kichwa. "Jina la nesi, mayu? Hata jina lako?"

"La kwangu likiwemo."

Akasema anaweza kuliandika katika siku chache. Akasema pia kwamba hajui kama ataweza kurudi hapa akiwa salama.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimewaeleza wenzangu. Ni kama niliwamwagia maji ya moto.

"Unatuanika ukutani," Esperansia alisema. "Wakwe zetu wanakuja kulazwa hapa. Watoto wetu wanapita hapa. Wewe ulikosea siku moja, sasa sote tutundikwe?"

Sista Bonifasia aliniita kando. Alisema kwa upole kwamba watu wa mradi wanakaribia kuja, wodi yenye ugomvi haitapewa kitu, na kwa nini nisiache tepe tu, tepe zinatosha. Nilimjibu kwamba tepe zinatuambia ni nani tuliyempima. Hazitusemeshi tunapokuwa hatujampima mtu. Alishusha pumzi. Kisha akasema nijaribu, na nikishindwa nishindwe mwenyewe.

Jumatatu, 18 Novemba

Majina yamewekwa. Hakuna aliyekula nami leo.

Jumanne, 19 Novemba

Wala leo.

Alhamisi, 21 Novemba

Jina la kwanza kuwaka limekuwa langu. Nilikuwa ofisini nabishana na mtu wa bohari kuhusu glavu. Niliporudi, DEODATA ilikuwa inawaka ukutani, nyekundu, na benchi zima la ndugu wa wagonjwa lilikuwa linasoma. Bibi mmoja alinionyesha kwa fimbo.

"Ni wewe huyo? Nenda basi."

Nilikwenda. Nilitembea wodi nzima na jina langu likiwaka mgongoni, nikampima yule mama, likazimika. Niliona haya hadi masikio. Nilipogeuka Esperansia alikuwa mlangoni, amejishika kiuno.

"Angalau safari hii herufi zinasomeka," akasema.

Tulicheka mpaka akaketi. Ameniletea chai, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumatano, 27 Novemba

Leo limewaka la Esperansia, na hakustahili. Alikuwa anazalisha, mtoto amekuja kwa matako, angeachaje? Alipomaliza alitoka na damu kwenye aproni, akaliona jina lake, nikajua kwamba mambo yangu yameharibika.

Lakini Esperansia ni Esperansia. Alitazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akamwambia Luhende, ambaye siku hizi yuko hapa kila wiki:

"Fundi, kitu chako kinasema nimemtelekeza mtu. Kiseme nimeelemewa. Jina langu likiwaka nami niko chumba cha kujifungulia, mwingine ainuke anishikie. Weka kengele mezani. Atakayeinuka jina lake liingie mahali pangu."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili usingizini na mezani, na halikunijia. Nilitafuta jina la kuaibisha wazembe, na yeye akaligeuza liwe la kuombea msaada. Najivunia kusoma darasa moja na mwanamke huyu, na nimemwambia. Alisema nisimharibie siku.

Jumanne, 3 Desemba

Kengele imelia mara nyingi leo, na kila mara kuna aliyeinuka. Hata Daktari Anatory aliinuka mara moja, akampima mama, na akatembea kutwa nzima akitutangazia kwamba jina lake limeandikwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Watu wa mradi wamekuja kutoka Mwanza, watatu, na mkubwa wao ni mama mmoja mwenye miwani, hacheki ovyo. Asubuhi Sista Bonifasia alinishika mkono.

"Deodata, la Recho lazima ulitaje? Mama yuko hai. Mtoto yuko hai. Wakisikia wanaweza kuishusha leo leo."

Nilijua hilo. Sikulala vizuri kwa ajili yake. Nimeipigania skrini hii kuliko nilivyopigania chochote hospitalini, na wazo la kuuona ukuta mtupu liliniuma. Lakini nilimjibu kwamba nisiposema, kuna hospitali nyingine itakayopelekewa ile ya kwanza, ya vitanda, na huko kuna Recho mwingine.

Nilisema yote. Nilisimama mbele yao na sare yangu niliyoipiga pasi mara mbili, nikasema nilimpima mama mwingine mahali pa Recho, skrini ikanikubalia, na mimi nikakaa kuitazama. Mmoja wao aliacha kuandika. Luhende alisimama akasema mfumo ule aliuchora yeye, na kosa la mchoro ni lake. Sikumwomba aseme hivyo.

Mama wa miwani aliuliza, "Na sasa?"

Mungu ana wakati wake. Matone yalianza kuanguka. Akina mama wakainuka kama kawaida yao, wageni wakarudi nyuma wameshika mikoba, vitanda vikaenda huku na huku, mjamzito mmoja akamwachia mzazi mpya kitanda chake na kuhamia dirishani. Ukutani hapakutikisika kitu. Kengele ikalia, jina la Esperansia, aliyekuwa chumba cha kujifungulia, likawaka, na kabla sijainuka nesi mwingine alikuwa amefika dirishani, amesoma utepe na kufunga kipimo mkononi.

Mama wa miwani alitazama juu penye tundu la paa. Akasema majibu yatakuja, akaondoka na kiatu kimoja kimelowa.

Jumapili, 15 Desemba

Hakuna habari. Nimepalilia kwa hasira, nadhani nimeng'oa na mahindi.

Jumanne, 17 Desemba

Inabaki! Sista Bonifasia alikuja mwenyewe wodini, anakimbia, na sikuwahi kujua kwamba anakimbia. Inabaki, na zinazopelekwa kwingine zitakuwa za aina yetu, za tepe, majina na kengele. Ile ya vitanda imefutwa kabisa. Wameniita niende na Luhende kufundisha hospitali ya kwanza, upande wa Biharamulo.

Esperansia alisema tuimbe, na tuliimba, na akina mama wakaitikia bila kujua tunashangilia nini. Nililia kidogo stoo, nyuma ya mashuka. Naweza kusema bila haya kwamba sisi manesi wa Murugina tumefanya kitu.

Ijumaa, 20 Desemba

Biharamulo. Manesi walikuwa wamejaa chumbani, mikono kifuani, hawakuja kwa kupenda. Luhende aliwasha skrini, akaeleza tepe, wakatikisa vichwa. Akaeleza kengele, wakaguna. Akafika kwenye majina, chumba kikachemka. Kiongozi wao, Francisca, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, alisimama.

"Ngoja kwanza. Nani aliyeomba majina yetu yawake ukutani mbele ya watu? Injinia gani huyo? Amewahi kushika zamu hata moja? Mleteni hapa nimwone."

Luhende alinitazama. Nilisimama, nikanyoosha sare.

"Ni mimi. Nesi wa wodi ya wazazi, kama wewe. Nilimpima mama mwingine, nikaridhika, na mgonjwa wangu akawa anakufa sakafuni. Niliomba jina langu liwake ili siku nyingine mtu aniite."

Francisca alinitazama kutoka viatuni hadi usoni, taratibu, namna tunavyowatazama wanafunzi wapya. Kisha akamgeukia Luhende.

"Haya, fundi, andika. Langu liweke la kwanza."